Njia ya Waislamu: uchambuzi wa kisa cha mwandishi wa Israel aliyeingia Makka mwaka 2022

Tarehe 18 Julai 2022 kituo cha televisheni cha Channel 13 cha Israel kilirusha ripoti ya kama dakika 10 iliyopigwa ndani ya Makka. Mtangazaji alikuwa Gil Tamari, mhariri wa habari za kimataifa wa kituo hicho, ambaye si Muislamu. Alionekana ndani ya gari likipita jirani na Msikiti Mtukufu, kisha akiwa Arafa, juu ya mlima wa Jabal Rahma, mahali ambapo siku chache tu nyuma mahujaji walikuwa wamesimama katika kisimamo chao. Alizungumza na kamera kwa Kiebrania, kwa sauti ya chini, na alipohisi kuna watu karibu aligeukia Kiingereza ili asitambulike anatoka wapi. Mwenyeji aliyemtembeza alikuwamo pia kwenye picha, uso wake umefichwa.

Ijumaa ya tarehe 22 polisi wa mkoa wa Makka walitoa taarifa. Raia mmoja wa Saudia alikuwa amefikishwa kwa waendesha mashtaka kwa tuhuma ya kumchukua na kumrahisishia kuingia mji mtakatifu mwandishi asiye Muislamu, kwa kumpitisha kwenye njia ya Waislamu, jambo lililo kinyume cha kanuni. Mwandishi mwenyewe hawakumtaja jina. Walisema ni mtu mwenye uraia wa Marekani, na kwamba jalada lake nalo limepelekwa kwa waendesha mashtaka. Waliongeza kwamba kila anayefika katika ufalme huo sharti aheshimu taratibu, hasa zinazohusu Misikiti Miwili Mitukufu.

Soma taarifa hiyo mara ya pili. Neno Israel halimo. Neno Myahudi halimo. Kwenye mitandao, wakati huohuo, watu walikuwa wanaandika juu ya "Myahudi ndani ya Haram", yaani ndani ya eneo takatifu la Makka, na mjadala ukaelekea moja kwa moja kwenye Palestina, kwenye siasa za kupatana na Israel, kwenye ziara ya Rais wa Marekani. Polisi waliandika kosa jingine kabisa: mtu asiye Muislamu, na raia wa Saudia aliyempitisha pasipo pake. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nikiandike kisa hiki kwa kirefu, kwa sababu wengi tunaposema "hawaruhusiwi kuingia Makka" tunachanganya mambo mawili yenye asili mbili. Ni kama mlango wenye makufuli mawili, moja la dini na moja la pasi, na kila moja lina ufunguo wake na mwenye kuushika.

Tuanze na lile la pasi, maana ndilo Tamari alilokutana nalo kwanza.

Saudia haina uhusiano wa kibalozi na Israel, na mwenye pasi ya Israel hapokelewi nayo kama mgeni wa kawaida. Julai ile palikuwa na jambo la pekee. Rais Joe Biden alifika Jeddah tarehe 15, mkutano wa viongozi ukafanyika tarehe 16, na waandishi wachache wa Israel walipata nafasi ya kuja kuripoti. Siku Biden anafika, mamlaka ya anga ya Saudia ilikuwa imetangaza kwamba anga lake liko wazi kwa ndege za mashirika yote yanayotimiza masharti, tangazo ambalo kila mtu alilielewa kuwa linazihusu ndege za Israel. Hali ya hewa ya kisiasa ilikuwa imelegea. Na kwa mujibu wa taarifa ya polisi, Tamari alikuwa na uraia wa Marekani. Kufuli la pasi halimuulizi mtu amezaliwa wapi wala analala wapi. Linaangalia kitabu alichoshika mkononi. Kwa hiyo mpaka hapo, akiwa Jeddah na kipaza sauti chake, hakuwa amevunja kitu. Mmarekani asiye Muislamu anaruhusiwa kuwa Jeddah. Tangu tarehe 27 Septemba 2019 Saudia inatoa viza ya utalii, ikianza na raia wa nchi 49, na wageni wa dini zote wanatembea Riyadh, Jeddah na AlUla bila tabu.

Barabara ya kutoka Jeddah kwenda Makka ndiyo inayobadilisha mambo. Mabango yake yanawagawa wasafiri mapema: Waislamu waendelee mbele, wasio Waislamu washike mchepuko unaowazungusha nje ya mji kuelekea Taif. Yameandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Mbele yake kuna lango kubwa linalovuka barabara, lililojengwa kwa umbo la msahafu uliofunguliwa juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea kitabu. Mtu hafiki kwenye Msikiti Mtukufu kwa kupotea njia, na aliyeamua kunyoosha mbele ameshasoma analolifanya.

Kufuli la pili: katazo lenyewe

Katazo linatoka kwenye aya ya 28 ya Surat Tawba katika Qurani, inayosema washirikina wasiukaribie Msikiti Mtukufu baada ya mwaka ule. Mwaka unaokusudiwa ni wa 9 wa Hijria, sawa na 631, mwaka ambao Abu Bakr aliongoza hija na Ali akatumwa kuwatangazia watu kwamba baada ya hapo hapana mshirikina atakayehiji wala mtu atakayetufu uchi. Aya yenyewe inaendelea kuwatuliza Waislamu waliohofia kwamba biashara itakatika wageni wakizuiwa. Nalipenda jambo hilo katika aya, kwa sababu linaonyesha katazo lilikuja likijua gharama yake.

Wanazuoni hawakulisoma kwa namna moja. Imam Shafii, ambaye Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wamelelewa katika madhehebu yake, alilipanua mpaka mipaka yote ya Haram, si jengo la msikiti peke yake. Asiye Muislamu haingii hata kwa kupita. Na vitabu vya madhehebu vikaweka mfano ambao ukiusoma na kisa hiki mkononi unashtuka: akija mjumbe wa wasio Waislamu wakati kiongozi yumo ndani ya Haram, mjumbe haingizwi, kiongozi ndiye anayetoka kwenda kumkuta nje ya mpaka na kumsikiliza huko. Maana yake mgeni hakatazwi kuzungumza wala kuheshimiwa. Mwenyeji ndiye anayebeba mwendo. Wafalme wa Saudia mpaka leo wanawapokea viongozi wasio Waislamu Jeddah na Riyadh, na Biden naye alipokelewa Jeddah, umbali wa mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Makka, wala hakuna aliyeona kuwa ametukanwa.

Abu Hanifa, imamu wa madhehebu nyingine, aliisoma aya ileile akaona kinachokatazwa ni wao kuhiji na kufanya umra kama walivyokuwa wakifanya zamani, si mguu wa msafiri kupita. Kwa Malik, imamu wa madhehebu ya tatu, katazo likapanuka kuelekea upande mwingine, likagusa misikiti yote isipokuwa kwa haja. Wanaoruhusu misikiti mingine wanataja kisa cha Thumama bin Uthal, aliyefungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume Madina kabla hajasilimu, na ujumbe wa Wakristo wa Najran waliopokelewa humohumo. Dola ya Saudia imeshika msimamo wa wengi: Makka imefungwa yote, na Madina inalindwa eneo la Haram linaloizunguka Masjid Nabawi. Mwaka 2021 mabango ya barabarani ya Madina yaliyokuwa yakisema "Waislamu tu" yalibadilishwa yakawa yanataja mpaka wa Haram, na watalii wasio Waislamu sasa wanafika mjini humo bila kuukaribia msikiti.

Hapa pana jambo ambalo katika kelele zote za Julai ile lilitajwa kidogo mno. Mipaka ya Haram inajulikana kwa alama zake. Upande wa Tan'im, palipo na Msikiti wa Aisha, haifiki mbali, kama kilomita 7 kutoka Kaaba. Upande wa Hudaibiya, njia ya Jeddah, inakwenda mpaka kilomita 20 na ushee. Mina imo ndani. Muzdalifa imo ndani. Arafa iko nje. Kila mwanafunzi wa fikihi, elimu ya sheria ya dini, anajua kwamba hija inamtoa mtu kwenye Haram siku ya tisa ya Mfungotatu na kumrudisha usiku wake. Kwa hiyo ile picha iliyowaudhi watu kuliko zote, ya Tamari akiwa juu ya Jabal Rahma, kifikihi ilipigwa nje ya Haram. Kosa lililo wazi lilikuwa ile sehemu fupi ya kupita karibu na msikiti, na barabara yenyewe iliyomfikisha huko. Ndiyo maana taarifa ya polisi haikujishughulisha na mlima. Ilishika "njia ya Waislamu". Aliyeiandika alijua fikihi yake, au alijua sheria yake ya barabarani, na katika jambo hili vyote viwili vinakutana.

Sisemi hivyo kumpunguzia. Nasema kwa sababu Muislamu anayetetea jambo takatifu anatakiwa alitetee pale lilipo, na mtu akikosea mita mia tusimhesabie kilomita.

Nani anakagua imani ya mtu?

Swali ambalo watu wengi huuliza ni hili: wanajuaje? Pasi nyingi duniani haziandiki dini. Ya Pakistan inaandika, lakini hiyo ni ya kipekee. Anayeomba viza ya hija au umra anatamka dini yake kwenye maombi, na aliyesilimu akabaki na jina lake la kuzaliwa hutakiwa kuonyesha cheti cha msikiti au kituo cha Kiislamu kinachomtambua. Mgeni anayefanya kazi Saudia ana kitambulisho cha ukaazi kinachoonyesha dini. Baada ya hapo, mengi ni tamko na uaminifu. Askari wa kizuizi cha barabarani hawezi kufungua kifua cha mtu. Msimu wa hija macho yao yako zaidi kwenye vibali: mwaka huo wa 2022 aliyekamatwa akijaribu kuhiji bila kibali alitozwa riali 10,000, na hao walikuwa Waislamu.

Mfumo unaosimama juu ya tamko unamtegemea sana mtu wa kati, yule mwenye gari. Ndiyo sababu sheria za Saudia zinamwangukia anayesafirisha kwa uzito kuliko anayesafirishwa. Katika kanuni zilizotangazwa kwa hija ya 2024, mfano, aliyebeba watu wasio na kibali alikabiliwa na kifungo cha mpaka miezi 6 na faini ya mpaka riali 50,000, wakati abiria wake alikabiliwa na faini ya 10,000. Dereva ni mwenyeji, anajua mabango, anajua mchepuko uko wapi, anajua gari lake linapita kwa sababu askari wanamwamini yeye.

Sasa rudi kwenye ripoti ya Channel 13. Kituo kilifikiria kuuficha uso wa mwenyeji. Maana yake walijua kabisa kwamba kuna hatari, na kwamba hatari hiyo iko juu yake. Lakini gari lilikuwa kwenye picha, sauti ilikuwapo, saa na siku zilijulikana, na wageni wa Israel walioripoti ziara ya Biden walikuwa wa kuhesabika. Kumfunika mtu uso halafu ukarusha safari nzima aliyokuwamo si ulinzi. Tamari alirudi kwao kabla ripoti haijaenda hewani. Raia wa Saudia alibaki kwao, na huko kwao ndiko kwenye waendesha mashtaka. Mhariri yeyote mwenye uzoefu wa kazi za nje alitakiwa aliulize swali hilo kabla ya mengine yote: ripoti ikishatoka, nani atabaki pale?

Aliyeumia zaidi hakuwa kwenye gari

Siku moja baada ya ripoti, waziri wa ushirikiano wa kikanda wa Israel, Esawi Frej, alitoka redioni akaiita kitendo cha kijinga na chenye madhara, kilichorushwa kwa ajili ya kutafuta watazamaji tu. Frej ni Muislamu. Hasira yake haikuwa ya heshima peke yake. Wiki zilezile alikuwa akishughulikia ombi la kuwapatia Waislamu raia wa Israel ndege za moja kwa moja kwenda Jeddah kuhiji. Waislamu ni kama asilimia 18 ya watu wa Israel: wa Nazareth, Umm al-Fahm, Rahat, Kafr Qasim anakotoka Frej mwenyewe. Hao ndio watu ambao kufuli la dini liko wazi kwao na kufuli la pasi limefungwa.

Historia yao inastahili kusimuliwa polepole. Baada ya 1948 Waislamu waliobaki ndani ya mipaka ya Israel walikatika kabisa na Makka. Pasi waliyokuwa nayo haikupokelewa, na nchi zote zilizowazunguka zilikuwa vitani na serikali iliyoitoa. Miaka 30 ilipita hivyo. Mtu alizeeka na mali yake ya kuhijia mkononi, afya anayo, na asione njia, si kwa kukosa uwezo bali kwa karatasi. Mwaka 1978 ndipo Mfalme Hussein wa Jordan alipokubali wapitie kwake kwa pasi za muda za Jordan, zisizo na namba ya taifa, zinazotolewa kwa ajili ya safari hiyo. Tangu wakati huo hujaji wa Nazareth anavuka mto kuingia Jordan kwa hati zake za Israel, anaziweka pembeni, anashika pasi ya muda, anapanda basi, anakwenda kusini mpaka mpaka wa Saudia, na huko anahesabiwa katika mgao unaosimamiwa na wizara ya wakfu ya Jordan. Anaingia Makka akiwa mgeni wa nchi isiyo yake kwa hati isiyo yake, ili atekeleze nguzo iliyo yake.

Mwezi Januari 2020 waziri wa mambo ya ndani wa Israel, Aryeh Deri, alitia saini amri ya kuwaruhusu raia wa Israel kusafiri kwenda Saudia kwa hija, umra au biashara. Siku iliyofuata waziri wa mambo ya nje wa Saudia, Faisal bin Farhan, akajibu kwamba msimamo wa nchi yake haujabadilika na wenye pasi ya Israel hawawezi kuingia kwa wakati huo. Upande mmoja ulifungua mlango ambao haukuwa wake. Kwa hujaji wa Umm al-Fahm hakuna kilichobadilika. Basi lilikuwa lilelile.

Ndipo unapoelewa uzito wa Julai 2022. Kwa mara ya kwanza palikuwa na dalili, anga limefunguliwa, mazungumzo yanaendelea kwa kimya. Mwandishi mmoja aliyeruhusiwa kuingia kwa hisani ya wakati huo akaenda kuwaonyesha Wasaudia kile hasa wanachokihofia: kwamba ukilegeza kufuli la pasi, la dini nalo litavunjwa. Mpinzani wa ndege za mahujaji hakuhitaji hoja nyingine baada ya hapo. Hija ya 2023 ilifika, na Waislamu wa Israel hawakupata ndege ya moja kwa moja.

Utetezi wake na watangulizi wake

Tamari aliomba radhi kwenye Twitter. Alisema hakukusudia kumuudhi Muislamu wala mtu mwingine yeyote, na kwamba nia ilikuwa kuonyesha umuhimu wa Makka na uzuri wa dini ili kujenga uvumilivu. Nampa haki yake: sina sababu ya kusema alikuwa na chuki, na maneno yake kwenye ripoti hayakuwa ya matusi. Ila utetezi huo una ufa katikati. Huwezi kujenga uvumilivu kwa kuwadanganya unaotaka wavumiliane nawe. Kunong'ona na kubadili lugha mtu akikaribia ni alama za mtu anayejua kwamba waliomzunguka, wangeulizwa, wangekataa.

Yeye si wa kwanza. Ludovico di Varthema wa Italia aliingia mwaka 1503. Johann Ludwig Burckhardt wa Uswisi alifika 1814 akiitwa Ibrahim, akafa Cairo na kuzikwa kwa taratibu za Kiislamu. Richard Burton, yuleyule aliyekuja Zanzibar 1856 na kufika Ujiji 1858, aliingia Makka mwaka 1853 akijifanya mganga Mwafghani. Snouck Hurgronje wa Uholanzi alikaa Makka miezi kadhaa mwaka 1885, akitumia jina la Abdul Ghaffar. Waandishi wa Ulaya waliwatukuza watu hawa kama mashujaa, na Burton alijijengea sifa ya maisha kwa safari hiyo. Wanastahili kulaumiwa kwa hila, lakini jambo moja la Burton lazima lisemwe: hatari aliyoichukua ilikuwa ya shingo yake. Hakuwa na kituo cha kurudi kikimsubiri saa chache mbele, wala hakuacha nyuma mtu wa kujibu kwa niaba yake mahakamani.

Wapo wanaouliza kama katazo lenyewe ni la haki katika dunia ya leo. Ni swali halali na linastahili jibu la moja kwa moja. Dini nyingi zina mahali pake pa ndani. Mlima Athos wa Ugiriki, mlima wa watawa wa Kikristo, hauingizi mwanamke yeyote, na wanaume wasio Waorthodoksi hupewa vibali 10 tu kwa siku. Hekalu la Jagannath la Puri, India, halimwingizi asiye Mhindu; mwaka 1984 lilimzuia Indira Gandhi, waziri mkuu wa nchi, kwa kuwa aliolewa na Mparsi, mtu wa dini ya Zoroasta. Mahali pa ibada panapojiwekea masharti ya imani pana haki hiyo kwangu, mradi sharti lijulikane, litangazwe kwa uwazi, na lisimzuie mtu riziki yake wala makazi yake. Makka inatimiza hayo. Bango liko barabarani na mchepuko umejengwa kwa lami.

Zuio la pasi ni jambo jingine na silitetei kwa pumzi hiyohiyo. Halitoki kwenye aya. Linatoka kwenye ugomvi wa serikali, na anayelilipia ni Muislamu aliyezaliwa upande usiopendwa mwaka huo. Mwaka 2016 Wairani hawakuhiji, baada ya mahujaji wengi kufa Mina Septemba 2015 na uhusiano wa nchi mbili kuvunjika Januari. Mwaka 2017 Waqatari waliingia kwenye msimu wa hija mpaka wao umefungwa tangu Juni, kisha ukafunguliwa kwa ajili ya hija siku zikiwa zimebaki chache. Kwa Wasyria, hija ilisimamiwa kwa miaka mingi na wapinzani wa serikali yao, na aliyeishi upande wa serikali alibaki akitafuta njia. Hao wote dini inawaita.

Jambo hili halina upande mmoja pia. Ukienda Jerusalem mambo yanageuka. Uwanja wa Msikiti wa Aqsa uko chini ya wakfu wa Jordan, na wasio Waislamu wanauingia kama watalii kwa Lango la Maghariba saa maalumu, ingawa tangu 2000 hawaingizwi ndani ya Kubba ya Mwamba. Polisi wa Israel ndio wanaosimama milangoni, na Muislamu wa Ukingo wa Magharibi anahitaji kibali, na mara nyingi umri wake unaangaliwa kabla ya imani yake. Wa Malaysia na Pakistan wanashika pasi zilizoandikwa kwamba zinafaa nchi zote isipokuwa Israel. Kwa hiyo mtalii wa Kanada asiye na dini anaukaribia Msikiti wa Aqsa kwa wepesi kuliko imamu wa Lahore, Pakistan, au kijana wa Hebron, Ukingo wa Magharibi. Makka angalau inamuuliza mtu juu ya imani yake. Kule linaloulizwa ni karatasi, na jibu lake limeandikwa tangu mtu anazaliwa.

Kilichonikera zaidi katika kazi ya Channel 13 ni kwamba haikuwa na haja. Israel ina waandishi Waislamu, wanaozungumza Kiebrania na Kiarabu, na maelfu ya raia wake hupanda mabasi ya Jordan kila mwaka kwenda hija na umra. Yeyote kati yao angeweza kuwasimulia watazamaji wa Tel Aviv jinsi Makka ilivyo, kwa Kiebrania, kwa sauti yake ya kawaida, akiwa na ihramu na haki kamili ya kuwa pale. Angewaonyesha pia kivuko cha mto, pasi ya muda na ile safari ndefu ya basi, habari ambayo watazamaji hao hawakuwa nayo na ambayo serikali zote mbili zingelazimika kuijibu. Kamera ilimpita mtu huyo ikaenda kumchukua asiyeruhusiwa.